Karatasi za Bibi Raheli

Ipo siku moja ambayo sijaimaliza kuikumbuka, mwanangu. Nilikuwa na miaka ishirini, nimekaa kwenye kibaraza cha Bibi Raheli kule Tengeru, na nilikuwa karibu kuichana karatasi ya saba.

Nisamehe kukuita mwanangu. Sina mvi, na wenye mvi wakinisikia watacheka. Lakini aliyenifundisha haya tumekwisha kumzika, na maneno yake yamebaki kwangu. Nivumilie.

Karatasi ile ilikuwa barua ya wanawake wa Nduruma. Mama yangu mdogo, Mama Ombeni, alilima vitunguu kule pamoja na wenzake kumi na mmoja, wote wakitumia maji ya mfereji mmoja. Tajiri mwenye shamba juu yao alikuwa ameweka geti la chuma kwenye mfereji na kulitia kufuli. Kesho yake asubuhi kulikuwa na kikao cha kuamua kama geti libaki. Asiyeleta pingamizi la maandishi, lenye majina na sahihi, angehesabiwa amekubali. Tena tajiri alikwishapita nyumba kwa nyumba akisema, kwa upole kabisa, kwamba kila jina atakaloliona atalikumbuka. Wanawake wale waliweka sahihi zao kwenye karatasi ya pembeni bila kusita, wakanipa mimi kazi ya kuandika barua yenyewe, kwa sababu eti najua kuandika.

Kujua ni neno lao. Mimi niliishia kidato cha pili. Mengine nilijifundisha kwa kamusi kuukuu iliyopoteza jalada, na nadhani ugonjwa wangu ulianzia hapo, maana aliyejifundisha mwenyewe haamini kamwe kwamba anajua. Halafu sisi wengi wa huku dh hutushinda. Mdomoni inatoka z, na mkono unafuata mdomo. Nikifika kwenye neno "dhuluma" masikio yalikuwa yanapata moto. Walinipa siku nne. Siku zote nne nilikuwa naandika nakala safi, naona kosa, nachana, naanza upya.

Bibi Raheli nilimsaidia kumwagilia miche. Alikuwa Myahudi, mwenye miaka themanini na kitu, mwembamba, mwenye mikono ya udongo. Alikuja Tengeru baada ya vita vya Hitla kumtafuta mjomba wake, ambaye alisikia yuko kambini pale pamoja na wakimbizi wa Kipolandi. Alichokikuta ni kaburi. Akabaki nalo, akaotesha miche ya kahawa na maua, akajua Kimeru kabla ya Kiswahili.

"Hiyo ya ngapi?" aliniuliza.

"Ya saba, Bibi. Ina kosa."

"Liko wapi?"

Nikamwonyesha. Nilikuwa nimeandika "zuluma". Akavaa miwani, akatazama, akaivua. "Unawaandikia watu, au unaiandikia miwani yangu?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Aliniagiza nichemshe yai mpaka ligande.

Nilidhani ana njaa. Alilimenya likiwa la moto, akachukua kibali chake cha kusafirisha miche kilichogongwa muhuri asubuhi ileile, akaliviringisha yai juu ya muhuri, kisha akaliviringisha juu ya moja ya karatasi zangu zilizoharibika. Muhuri ukatokea pale, wa zambarau, maneno yakisomeka.

"Hii ilikuwa kazi yangu nikiwa mdogo kuliko wewe," alisema.

Akanieleza. Wanazi walikuwa wameuteka mji wao. Kila mtu alitembea na kitambulisho, na cha Myahudi kiliandikwa wazi kwamba ni Myahudi. Ukikutwa nacho unapandishwa treni, na waliopanda treni zile walipelekwa kuuawa. Raheli alijipa jina la Kikristo, akavaa msalaba, akaomba kazi ya kufagia ofisi ya serikali yao iliyotoa vitambulisho hivyo. Kila siku alitoka na fomu tupu mbili tatu chini ya nguo. Kisha, darini kwa mama mmoja dobi, mchana kweupe watu wakiwa kazini, alizijaza: jina jipya, picha, muhuri wa yai.

"Hitla alikuwa na vifaru," alisema. "Mimi nilikuwa na kuku wa yule dobi."

"Hukuogopa, Bibi?"

"Niliogopa kila siku. Mara moja askari alinishika mkono mlangoni, akauliza nimeficha nini tumboni. Nikamwambia niko kwenye hedhi, na kama anataka kuhakikisha aje. Akaniachia kama aliyeshika kaa la moto. Niliondoka polepole, na fomu zilikuwa tatu."

Hapo alitabasamu, na nilimwona yule msichana. Halafu akala kipande cha yai na wino wake.

"Nilikuwa na rafiki, Hana. Nilimpenda kuliko wote, kwa hiyo cha kwake nilitaka kiwe kizuri kuliko vyote. Cha kwanza muhuri ulikaa upande. Nikachana. Cha pili bawa la tai wa muhuri wao lilififia. Nikachana. Siku tatu, mjukuu wangu. Cha nne kilitoka safi, hata wao hawakuwa na safi kama kile. Nilipompelekea nilikuta mlango uko wazi na chai yake iko mezani."

Aliendelea kwa sauti ileile ya kuhesabu miche.

"Wiki iliyofuata nilikuwa nafagia chini ya meza ya karani. Nikamtazama anavyogonga. Anapiga miayo, anagonga, hatazami. Mihuri yake yote ilikaa upande. Kile cha kwanza nilichokichana ndicho kilichofanana na vya kweli. Unanielewa? Mimi mwenyewe nilidhani natafuta uzuri. Nilikuwa naogopa kukitoa mkononi, maana kikishatoka kimekuwa kitendo, na kitendo kina mwenyewe. Baada ya Hana nilitoa vilivyopinda, na watu walivuka navyo."

Kisha akaigusa barua yangu. "Jina lako limo humu?"

"Limo, Bibi. La kwanza, kama mwandishi."

"Basi ndilo kosa unalolifuta tangu juzi."

Ninakiri kwako, mwanangu, kwamba nilimchukia kwa muda. Alikuwa amenivua nguo. Siku nne nilikuwa nimejiita makini, kumbe nilikuwa natamani kikao kipite barua ikiwa bado mezani, ili lawama iwe ya wakati na si yangu.

Sikuandika ya nane. Asubuhi nilikwenda Nduruma na ile ya saba. Msimamizi wa kikao, bwana mmoja mwenye suti, aliipokea kwa vidole viwili, akasoma, akaanza kucheka.

"Zuluma? Binti, zuluma ndiyo nini? Mnyama?"

Watu wa upande wa tajiri wakaangua kicheko. Mama Ombeni akainuka, kanga imefungwa kiunoni. "Mheshimiwa, wewe iandike kwa herufi uipendayo. Sisi tunayoijua ni hiyohiyo, na vitunguu vinaijua."

Kicheko kikahamia upande wetu. Bwana yule akaona, akabadilisha sauti, akawa baba. "Hapana, hapana, nataka kuwasaidia. Barua nzuri, ina makosa madogo tu. Kairekebishe vizuri, binti, uilete wiki ijayo."

Mwanangu, hakuna mtu aliyewahi kunitega kwa chambo kinachonifaa kiasi kile. Mkono wangu ulianza kwenda kuichukua. Wiki ijayo kikao kingekuwa kimefungwa, na geti limehalalishwa. Nikaurudisha mkono.

"Sirekebishi," nilisema. "Imeandikwa na mimi, na kosa ni langu. Naomba uigonge muhuri wa kupokelewa sasa hivi, mbele ya kikao."

Alingoja nikae. Sikukaa. Mama Ombeni akaja nyuma yangu, na wenzake kumi na mmoja wakasimama, mmoja baada ya mwingine, kimyakimya. Akaigonga.

Sitakudanganya kwamba maji yalikuja siku ile. Vitunguu vya msimu ule vilikauka, na tajiri kweli alilikumbuka jina langu, maana kibarua nilichoahidiwa na jamaa yake mjini kilifutika. Lakini barua ilikuwa imeingia kwenye faili, kikao hakikuweza kusema tumekubali, na kabla ya masika kufuli lilitolewa. Bibi Raheli alikufa miaka mitatu baadaye. Tulimzika karibu na mjomba wake.

Sikufundishi uzembe. Kazi ya kawaida, ya siku za kawaida, ifanye vizuri kadiri unavyoweza, ujifunze mpaka ikukubali. Lakini siku utakapoona watu wanafungiwa maji, au wanaandikwa kwenye orodha, au wanaondolewa majumbani, jichunguze kila unaposema "bado sijawa tayari". Muulize huyo anayesema hivyo ni fundi ndani yako au ni mwoga. Anayekuonea atafurahi sana ukienda kujirekebisha kwanza. Toa ulicho nacho, na jina lako likiwa juu yake. Wakikucheka, simama pale pale mpaka wachoke. Mimi bado naumwa ugonjwa ule. Haya nimeyasoma mara nne kabla ya kukupa, na ya tano nimejizuia kwa nguvu.

Mungu aliyemvusha msichana yule na fomu zake tatu akuvushe na wewe. Akupe mkono usiotetemeka, na kama utatetemeka, akujalie kutoa hivyo hivyo.