Bi Kipimajoto agoma kuomba radhi

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, Bi Kipimajoto amesimama mlangoni, kipimo mkononi, mtoto wa miaka sita amemwegemea. Kushoto yuko mama. Kulia yuko baba, ameikunjua amri ya mahakama.

"Soma hapo. Kila Jumamosi nikabidhiwe mwanangu."

"Nimesoma, baba. Kitendawili."

"Sikuja kutegewa vitendawili."

"Chavutwa na wawili, hakina ugomvi na yeyote."

Baba anasonya. "Kamba hiyo."

"Kamba haipati homa. Huyu ana thelathini na tisa na nusu. Hapandi basi la mwendo wa saa tano."

Hiyo ilikuwa Jumamosi iliyopita, na mtoto hakwenda.

Chumba chenyewe kiko nyuma ya mahakama ya familia: mabenchi mawili, zulia lililochakaa, sanduku la midoli. Wazazi walioachana hukabidhiana watoto hapa, kumi na wanane hivi kwa wiki. Kwa miaka kumi na mmoja Bi Kipimajoto ndiye mhudumu. Kazi aliyoandikiwa ni kurekodi saa ya kufika na saa ya kuondoka.

"Mtoto si gunia la saruji," anasema, "ulipokee, uandike, ulipitishe."

Jina la utani alipewa na akina mama wenyewe. Homa za Jumamosi zilikuwa zimezidi. Asiyetaka kumwona mtalaka wake alikuja na "mgonjwa". Mhudumu akanunua kipimo kwa pesa yake. Hata mama huyuhuyu, mwezi uliopita, alidai mara mbili kwamba mtoto ana homa. Kipimo kikakataa, mtoto akaondoka na baba yake akirukaruka.

"Akaninunia. Leo ananiita dada. Mimi hapa si dada wa mtu. Ni wa mtoto."

Baba alilalamika. Jumatatu mkuu wa kituo hiki cha makabidhiano akampa mhudumu siku saba aeleze kwa maandishi kwa nini asiachishwe kazi kwa kukaidi amri. Akamnong'oneza: omba radhi, yaishe.

Binti yake naye akamsihi. "Mama, mshahara wako ndio kodi yetu. Samahani ni neno tu."

"Liandike wewe, mwanangu. Mkono wangu haulijui."

Jibu lake lina mistari michache, kwa mwandiko wa kulala: "Haki ya baba naijua; nimeilinda mara mbili kwa kipimo hikihiki. Lakini haki yake haimtangulii mtoto mwenye homa. Mkitaka mhudumu asiyegusa paji la mtoto, wekeni kufuli."

Chini ameongeza ombi: kila amri iwe na sentensi moja zaidi, kwamba mtoto akiugua, mzazi mwenye zamu amfuate alipo.

"Aje amkande, ampe dawa, akeshe naye," anasema akifuta midoli. "Hapo nani kanyang'anywa mtoto?"

Mkuu hajamjibu. Kesho ni Jumamosi.

"Saa tatu nitakuwa mlangoni. Anayetaka kunitoa, anikute hapo."