Goti Nililompigia Mwalimu wa Kwaya

Nakumbuka ilikuwa Jumatano, saa nane na robo mchana, nimesimama juu ya mlima ambao wenyewe wanauita nchi. Usicheke, mwanangu. San Marino ni nchi kweli, ina bendera na askari wake, lakini ukipanda mnarani unaiona yote na macho yanabaki na nafasi. Mimi nina miaka kumi na sita, wewe hujazaliwa, na baba yako hata simjui. Nakuandikia mapema kwa sababu hasira ikipoa husahau maneno yake.

Tulikwenda na kwaya ya vijana ya usharika wetu, Iringa, tumealikwa kwenye tamasha la nyimbo, na mimi ndiye niliyepewa kuanzisha wimbo wa kwanza. Pazuri pale, sikatai. Njia za mawe zinapanda zikijipinda, minara mitatu imekaa ukingoni mwa jabali, na upepo ni kama wa Makambako mwezi wa saba. Dada aliyetutembeza alitueleza kwa Kiingereza jinsi babu zao walivyojenga ule ukuta ili wasitawaliwe na mtu. Alikuwa anaupapasa kama mtu anavyompapasa ng'ombe wake. Kisha akauliza, kwa upole tu, kama na kwetu kuna kitu cha namna hiyo.

Mwalimu wetu wa kwaya akacheka. Akamjibu kwamba kwetu hakuna cha zamani, watu waliishi porini mpaka wageni walipokuja kuwafundisha kujenga.

Mwanangu, mtu huyo kwao ni Kalenga! Kila akienda kwa mama yake anapita pale penye makumbusho ya Mkwawa, mtemi wetu wa zamani aliyejenga ngome pale. Amekulia juu ya ardhi ya ngome, halafu anakwenda kuikana ugenini ili achekewe! Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Yeye wa kwake alikuwa anaukanyaga na viatu.

Bibi Sekalinga, mlezi wa kwaya yetu, hajui Kiingereza. Akanivuta sweta. "Amesema nini huyo, mbona mmeinama wote?"

Mimi darasani hata jina langu nalitaja kwa kunong'ona. Nikamnong'oneza.

"Haya, sogea mbele. Mimi nasema, wewe unamfikishia dada huyu. Kwa sauti."

"Bibi, naogopa."

"Kuimba huogopi, kusema ndiyo uogope?"

Nikasogea. Tumaini wa besi akasema nyuma yangu, "Leo tutazika mtu ughaibuni." Bibi akaanza, nami nikafuata: kwamba Kalenga palikuwa na ukuta wa mawe, tena mrefu, kwamba haukuanguka wenyewe, Wajerumani waliuangusha kwa mizinga, na waliokuwa ndani nao walikuwa hawataki kutawaliwa na mtu. Akamaliza, "Sehemu iliyobaki ni ya mwalimu, hiyo usitafsiri, Kiswahili anakijua. Mkataa kwao ni mtumwa."

Yule dada akaniomba nimtajie tena jina la mahali. Akasema "Kalenga" vibaya, akarudia, bado vibaya. Nilitaka kulia.

Jioni, wakati wa chakula, mwalimu alinisimamisha mbele ya wenzangu. Ati nimemvunjia heshima. Kesho kabla ya chai nije nimwombe radhi, la sivyo wimbo ataanzisha mwingine.

Nikamwambia Bibi kwamba huyo mtu hata salamu hapati kwangu.

"Utamwamkia," akasema, anapuliza supu. "Na goti utapiga, kama ulivyofundishwa kwenu. Ni mkubwa wako. Goti ni la umri wake, mjukuu wangu. Ulimi ni wako."

"Na wimbo je, Bibi?"

"Wimbo anaweza kukunyang'anya. Sasa unataka nikudanganye?"

Basi, mwanangu, ninalokuachia ni hilo. Usimnyime mkubwa salamu hata kama amekuudhi, maana heshima si utumwa. Lakini usimeze uongo wake kwa sababu ulimpigia goti. Na ukifika kwa watu wanaopenda ukuta wao, upende pamoja nao, kisha uwatajie wa kwenu, hata kama yamebaki mawe machache kwenye majani. Mungu akupe miguu ya kufika mbali, na mdomo usiosahau ulikotoka.

Asubuhi nilimkuta mwalimu mlangoni pa chumba cha chai, wenzangu wote wamemzunguka. Nikapiga goti, nikashikanisha mikono, nikamwamkia kwa salamu ya kwetu, "Kamwene." Akaitikia. Akangoja la pili, lile la radhi, na wote wakangoja. Nikanyanyuka, nikaenda kusimama mstari wa nyuma, pasiposimama mwanzishaji wa wimbo.