Nyonga za Rainha

Siku ya kwanza kazini, chefe wa ulinzi, mkubwa wetu pale kambini Palma, aliniuliza kama naogopa mbwa. Nikamjibu, "Meno siyaogopi, chefe. Naogopa mate." Akacheka mpaka akakaa. Hakuwa Mwislamu, lakini alielewa, akaniruhusu niweke ndoo ya udongo safi karibu na bomba, kwa sababu palipolambwa na mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Ndivyo mimi, mtu wa Olumbi, mtoto wa wavuvi, nilivyoingia kazi ya kutunza mbwa wa ulinzi. Mama alininunia wiki nzima.

Kazi yenyewe si kushika kamba tu, kama vijana wengi mnavyodhani. Unasafisha canil, yaani banda la mbwa, unapima chakula, unakagua masikio, meno na kucha, na asubuhi na jioni unawafanyisha mazoezi. Baadaye nilipelekwa Pemba, mji mkuu wa jimbo letu, si kile kisiwa, chini ya msimamizi wa mafunzo, mtu mkali kama pilipili kichaa, kisha nikarudishwa Palma na mbwa jike ambaye hata kabla hajamaliza kukua alikuwa ananifika kiunoni. Jina lake Rainha, malkia kwa Kireno. Nilimpenda, sioni haya kusema.

Njia ya ardhi ngumu ya kwenda ufukweni ilipita mbele ya msikiti. Sikutaka kuwaudhi watu wenye udhu, kwa hiyo kila siku nilimzungusha Rainha nyuma ya mji, tukikimbia kwenye mchanga mkavu unaomeza mguu mpaka kifundoni. Nilijiona mstaarabu kweli. Tena nilimshibisha wali na vichwa vya samaki, maana kwetu mnyama akikonda aibu ni ya mwenyewe.

Kabla hajatimiza miaka miwili akaanza kuamka kwa shida. Alijikokota kwa miguu ya mbele, ya nyuma ikafuata baadaye. Akikimbia, ile ya nyuma aliirusha yote miwili kwa pamoja, kama sungura. Nikadhani uvivu, nikamwongezea mbio. Hapo ndipo ninapojilaumu mpaka leo.

Chefe akamwita daktari wa mifugo kutoka Pemba, mama mmoja wa Kimakonde mwenye maneno machache. Alimlaza Rainha ubavu, akauvuta mguu wa nyuma taratibu. Rainha akalia.

"Nyonga," alisema daktari. "Kichwa cha mfupa wa paja kinatakiwa kikae ndani ya kikombe chake, kitulie. Cha huyu kimelegea, kinacheza. Amezaliwa hivyo. Lakini nani anamkimbiza, na wapi?"

Chefe akanitazama. Ningeweza kunyamaza. Nikasema yote, ya mchanga na ya wali.

"Basi umeusaidia ugonjwa," akasema daktari.

Chefe akavua kofia. "Mbwa asiyesimama hana kazi hapa, pá, ndugu yangu. Ukaguzi ni baada ya miezi mitatu. Akishindwa, atapigwa risasi. Sitaki kumwona anateseka." Hakusema kwa ukatili, na ndiyo maana nilimwamini.

Daktari aliniachia vidonge vya maumivu na maagizo. Rainha apunguzwe uzito, asiruke ukuta wala kupanda gari, atembee kwa kamba kidogo kidogo, kila siku, juu ya ardhi ngumu. Na aogelee, maana majini misuli ya mapaja hupata nguvu bila nyonga kubeba mzigo. Sasa, ardhi ngumu na bahari tulivu zote zilikuwa upande wa msikiti.

Nikaenda kwa imamu baada ya sala ya Alasiri.

"Shehe, nimekuja kuomba ruhusa nipite hapa na mbwa."

"Kwani nani alikukataza?"

Nikamweleza ya mchanga na ya nyonga.

"Kupita njiani hakumnajisi mtu, mwanangu. Mate ndiyo huoshwa, na wewe kuyaosha wajua. Umemtesa kiumbe wa Mungu kwa ajili yetu, nasi hatukukutuma. Mpitishe. Kamba iwe fupi tu."

Niliona aibu, lakini kifua kilikuwa chepesi nilipotoka pale. Kesho yake tukapita. Wanawake waliokuwa wakiokota chaza walisogea kidogo, basi. Baada ya wiki chache mmoja akawa ananitania, "Malkia wako kaamkaje leo?" Nami namjibu kama ninayeulizwa hali ya mke.

Siku ya ukaguzi chefe alisimama mlangoni mwa banda, akaita mara moja tu. Rainha akainuka, polepole, bila kujikokota. Akatembea mpaka kwenye uzio, akarudi.

"Abaki," alisema chefe. "Awekwe getini, asikimbizwe."

Nilienda nyuma ya banda nikalia kama mtoto. Alhamdulillahi.

Sasa nimestaafu, na magoti yangu mwenyewe ndiyo yanayolalamika. Ninyi mnaoshika kamba leo, mtazameni mbwa mkubwa anavyoamka asubuhi kabla ya kusifu anavyokimbia. Msimnenepeshe ili msifiwe. Na kama mnawaheshimu watu, waulizeni wanataka nini.

Rainha alilinda lile geti miaka mingi. Asubuhi moja nilimkuta amelala, uso umejaa mvi, hapumui. Chefe mpya, ambaye hakujua lolote la nyuma, akaniuliza mbwa amekufa kwa nini.

"Uzee, chefe," nikamwambia. "Uzee tu."

Katika kazi yangu yote sikupata kutoa ripoti kwa moyo mweupe kama ile.