Gemu Aliyoiweka kwa Gidabuday

Mwaka ule ulikuwa wa tisini na tisa. Hapana, nimekosea. Ulikuwa elfu mbili na tatu, kwa sababu stakabadhi za mnada wa Dongobesh zilishaandikwa Mkoa wa Manyara, mkoa mpya wakati huo, na watu walikuwa bado wanazitazama mara mbili mbili. Ndio mwaka ambao Nikolausi wa Tlawi alisimama asubuhi nzima mbele ya turubai la mchuuzi, akishindwa kununua kitu ambacho hela yake alikuwa nayo mfukoni.

Kitu chenyewe ni gemu ya mkononi, ile ya kupanga matofali yanayoshuka kwenye kioo. Alikuwa nayo moja. Aliipata alipoteguka nyonga akakaa ndani miezi mitatu, ikamtuliza kuliko dawa. Alipopona hakuiacha. Akishafunga ng'ombe, anakaa kwenye kigoda na kupanga matofali mpaka mkewe Paskalina amwite kula mara tatu.

Kisha rafiki yake Gidabuday, wa kule Tumati, akavunjika mguu. Nikolausi alikwenda kumwona, akamwonea huruma, akampa ile gemu. "Kaa nayo," akamwambia.

Hapo ndipo alipokosea. Huku kwetu mtu huweka ng'ombe wake kwa rafiki, na maneno ya kumweka ni hayo hayo. Aliyewekewa humtunza na kunywa maziwa. Mwenye ng'ombe hupelekewa habari zake, lakini hamdai bila sababu, maana kumdai ni kusema urafiki umekwisha. Mguu ukapona, gemu haikurudi. Zilikuja salamu tu, kila mwezi: gemu yako haijambo, imebadilishwa betri, juzi imefika pointi elfu tisa.

"Elfu tisa," alisema Nikolausi. Yeye hakuwahi kuvuka elfu sita.

"Nunua nyingine, Baba Tekla," Paskalina akamwambia. "Umeanza kuhesabu matofali ya jiko langu."

Ndiyo maana alikuwa Dongobesh. Mchuuzi aliitwa Mwita, mtu wa Mara, na alishamwamkia shikamoo mara mbili.

"Mzee, unainunua au unaibariki?"

"Ngoja kidogo. Nikinunua hii, rafiki yangu atasikia."

"Akisikia?"

"Atajua ile nimeihesabu imepotea. Ni kama kumwita mwizi."

"Basi kaichukue yako."

"Hapo ndio nimemwita mwizi kabisa."

Mwita akacheka, akamgeukia mteja wa tochi.

Nikolausi akaibonyeza ile gemu, ikaimba. Vidole vilikumbuka vyenyewe. Lakini akaukumbuka pia ule mwaka wa ukame, ng'ombe wake wanne walipokwenda kukaa Tumati kwa Gidabuday, wakarudi wanne na ndama juu. Mtu wa namna hiyo humpati mnadani. Akairudisha gemu kwenye turubai, taratibu, akashika njia ya Tumati. Mwenye ng'ombe anaruhusiwa kwenda kumtazama.

Gidabuday alimpokea vizuri. Walipokwisha kunywa chai aliingia ndani, akatoka na gemu imefungwa kwenye kitambaa safi, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Itazame. Haijakonda."

Nikolausi akapanga mpaka elfu nne, matofali yakajaa. Akaanza tena. Jua lilipoinama Gidabuday alinyoosha mkono, naye akampa. Ikafungwa tena kwenye kitambaa chake.

Hakununua nyingine. Kila baada ya mnada alipitia Tumati, akacheza saa moja, akarudi Tlawi. Ila siku moja, akiwa mlangoni anaaga, jambo moja lilimjia akamuuliza Gidabuday, naye akamwambia akawaulize wazee. Akawauliza wazee wa Tumati, akamuuliza katekista wa Tlawi, hata Mwita na tochi zake. Huyu alicheka, yule akamwelekeza kwa mwingine. Ng'ombe uliyemweka kwa mtu akifa, unaletewa ngozi yake ili ujue kweli amekufa. Sasa gemu ikifa, unaletewa nini?