Bega la Horace Entwistle

Kabla sijasema lolote baya juu ya Horace Entwistle, niseme kwanza kwamba alikula mezani kwangu miaka minne ya ujana wake na hata siku moja hakulalamika. Mume wangu hakurudi kutoka vitani, nikaanza kupangisha vyumba vya juu kwa wachezaji wa Calderfold, timu ya mpira ya mji wetu. Horace aliletwa mwaka wa arobaini na saba, beki wa kati, mrefu, mtoto wa mchimba makaa, masikio yamemtoka kama vishikio vya sufuria. Alipenda utumbo kwa vitunguu, na soksi zake alizifua mwenyewe. Nilimpenda, sifichi.

Jina alilipata siku moja ya Januari, tulipocheza mechi ya kombe na timu kubwa ya London. Wakati ule hapakuwa na mchezaji wa akiba. Ukiumia, ama unaendelea ama wenzako wanabaki kumi. Horace alivunjika mtulinga, mfupa wa juu ya bega, kipindi cha kwanza. Wakamfunga mkono kifuani kwa bendeji, wakampeleka kwenye winga, maana majeruhi walikuwa wakiwekwa huko ili angalau beki mmoja wa upande wa pili apoteze muda kuwachunga. Mwishoni ikaja krosi, akaipiga kichwa, goli. Mji ulipata wazimu. Wafumaji wa viwanda vyetu vya nguo walimsimamisha njiani wamguse lile bega, na baa zote za Calderfold zikawa zinamnywesha bure.

Bega lenyewe halikupona sawasawa. Mpaka anaoa na kuhama kwangu, mimi ndiye niliyekuwa nikimvisha koti asubuhi. Hilo magazeti hayakuliandika.

Miguu ilipochoka wakampa umeneja. Mwenyekiti wa klabu, Bwana Fairclough, mwenye bucha pale sokoni, alimpa na nyumba ya klabu jirani na uwanja. Ndivyo mambo yalivyokuwa: ukifukuzwa kazi, umefukuzwa na kitandani pako. Na Horace, jamani, meneja hakuwa. Mbinu hakuwa nazo. Alijua jambo moja tu, kwamba mtu akianguka ainuke. Akimwona mchezaji amekaa chini uwanjani, anajigusa bega tu. Vijana walimcheka chinichini, wakisema bega limeshasema. Lakini waliinuka.

Mwaka wa sitini akanigongea mlango, ameongozana na kijana mwembamba, kiungo, Derek Sugden.

"Bi Hilda, huyu mnenepeshe," akaniambia. "Huyu ni mimi, ila yeye ana akili."

Alisema kweli. Derek alikuwa akiona pasi kabla wengine hawajaona mpira. Msimu uliofuata timu moja ya daraja la kwanza ilikuja kumtazama, ikaahidi kumchukua kiangazi. Alikuwa akiimba hata akiosha vyombo, na kuimba hakujui.

Sisi wenyewe tulikuwa mkiani. Kila mwaka timu nne za mwisho zilipaswa kuwapigia magoti wenye timu nyingine, wazipigie kura zibaki kwenye ligi. Calderfold ilikuwa imeshapiga magoti mara mbili, na kila mtu alijua safari hii hatutaonewa huruma. Ilibaki mechi moja. Tukishinda tunapona. Tusiposhinda klabu imekufa, na Horace hana kazi wala nyumba. Edna, mkewe, aliniambia ameshaanza kuomba maboksi dukani.

Nilikuwepo, nyuma ya goli. Derek aligeuka na mpira, mguu ukabaki kwenye tope, goti likaenda njia yake. Seth, mganga wa timu, alikimbia na ndoo yake na sponji ya maji baridi, dawa pekee tuliyokuwa nayo kwa kila ugonjwa. Walimbeba hadi chumba cha wachezaji; ya humo nilisimuliwa baadaye na Seth, na Derek pia, na maneno yao hayakutofautiana.

"Bosi, goti halinibebi," Derek alisema.

Seth akaongeza kwamba gegedu limechanika, kijana asirudi. Horace akafungua vifungo vya shati mbele ya wote, akashusha kola. Mfupa ulikuwa umekaa kombo chini ya ngozi.

"Unaona hili? Mimi nilirudi nalo. Na hakuna aliyeniomba."

"Najua, bosi. Ila goti..."

"Nenda winga ukasimame tu. Ukibaki hapa, nitajua wewe ni mtu wa namna gani."

Derek akaenda. Ulikuja mpira ambao hata mzima asingeufikia, akaruka, akatua na mguu ule. Nilimsikia kutoka upande wa pili wa uwanja. Goli lililotuokoa alijifunga beki wao, mbali kabisa na Derek, kwa kosa ambalo halikumhitaji. Watu wakamwaga bia, wakambeba Horace mabegani huku wamemshika palepale panapouma, naye anacheka ameuma meno.

Derek alipasuliwa goti, halikukunjika tena. Ile timu ya daraja la kwanza haikurudi hata kumjulia hali. Kumwambia kwamba klabu imemwacha ikawa kazi ya Horace. Alisimama jikoni kwangu, kofia mkononi, akakataa chai, akasema alilotumwa. Nilitamani nimpige na kikaango. Derek nikamwambia abaki kwangu, hata kama hachezi, na akapata kazi ya kukata tiketi langoni.

Novemba, baada ya kufungwa mfululizo, Fairclough akamfukuza Horace. Edna akaenda Blackpool kwa dada yake, akakaa hukohuko. Horace akaja kwangu Jumapili, tuko mezani, na begi moja. Derek alimsogezea bakuli la viazi bila kumtazama. Horace akajaribu kuvua koti, mkono ukagoma, nikainuka kumvua kama zamani. Koti likiwa bado mikononi mwangu, akasema:

"Derek, niliwaomba wanitoe."

"Nani?"

"Siku ile ya bega. Nililia mbele ya wenzangu, nawaomba wanitoe. Meneja akaniambia nisiporudi uwanjani nitarudi mgodini kwa baba yangu. Na ule mpira sikuuona. Nilikuwa nimefumba macho."

Derek akaweka uma.

"Mbona hukuniambia haya kule chumbani?"

Nilitaka sana ajibu, kwa ajili yao wote wawili. Horace akajipakulia viazi.

Alikaa kwangu hadi alipokufa. Kila Jumamosi baada ya mechi alikuwa kwenye baa karibu na moto, wachezaji wapya wanamnunulia bia, wanataka habari za bega. Jumamosi ya kwanza nilidhani sasa atawaambia kweli. Akafungua kola, akasema hakuna aliyemwomba. Nikamgombeza tukirudi nyumbani.

"Hilda," akasema, "nikiwaambia ukweli, mimi nitabaki na nini?"

Derek alikuwa akikaa meza ya pili, anayasikia yote, wiki baada ya wiki. Alishajaribu kuondoka, lakini kwa goti lile, mpaka ainuke na kuufikia mlango, Horace, katika hadithi yake, alikuwa ameshafunga goli.