Mwamvita na Mwanga wa Bluu wa Salamabila

Saa mbili asubuhi, jua limeshaishika paneli ya sola iliyofungwa juu ya mabati, na Mwamvita Muzaliwa ameketi mkekani, barazani kwake Kasongo, tableti mapajani. Anapitisha kalamu juu ya shavu la mchimba dhahabu aliyechorwa kiooni. Rangi ya kahawia inatandaa. Anainama, anapuliza kioo ili rangi ikauke, kisha anajishtukia na kuangua kicheko.

"Miaka kumi na mine ya kupuliza ukuta," anamwambia mgeni aliyekuja kumwona kazini. "Mudomo haijajua bado kama tulihama."

Mwamvita, mwenye umri wa miaka thelathini na sita, ni mchora vibao. Ukitoka sokoni utaisoma kazi yake: saluni, duka la dawa, fundi wa pikipiki. Kibao kimoja humpatia faranga elfu ishirini, na msimu wa mvua wiki tatu hupita bila hata kimoja.

Lakini tangu Machi ana kazi inayomtoa kitandani kabla watoto hawajaamka. Anatia rangi kitabu cha katuni, bede kama wenyewe wanavyokiita. Hadithi ni ya Euphrasie, mwalimu wa shule ya msingi huko Nyangwe. Michoro ni ya Asani, aliyekuwa mchimbaji kwenye migodi ya dhahabu ya Salamabila. Kurasa husafiri kwa simu, siku mtandao unapokubali.

"Waliponiambia ni kazi ya mashini, nilikataa. Mi niko mutu wa brashi na petroli," anakumbuka. "Halafu Deborah akanishikisha hii kalamu. Nilitafuta nyekundu moja tu, nikakuta nyekundu zote za dunia ziko mule! Siku ile sikupika."

Deborah hufundisha kompyuta katika kituo cha vijana kilichomwazima tableti. Kila Jumamosi alimfundisha, lakini Mwamvita akiwa peke yake alirudia desturi ya ukutani: mistari, ngozi, nguo na kivuli, vyote alivirundika kwenye tabaka moja.

Hivyo ndivyo alivyozipaka kurasa tatu zilizo moyo wa kitabu. Wachimbaji watatu wamefukiwa siku mbili, na sasa shimo linafunguka. Alizijaza njano, zikang'aa kama mchana wa kiangazi. Akazituma.

Asani hakuandika jibu. Alipiga simu, akimwita yaya, yaani dada mkubwa, kama kawaida yake.

"Yaya Mwamvita, kazi iko muzuri sana. Lakini ule mwanga haikukuwa njano."

"Mwanga wa jua, ndugu yangu. Ungekuwa nini?"

"Bluu. Mvua ilikuwa inanyesha, wakafunika shimo na bashi, turubai ya bluu. Walipotoboa, ile bluu ndiyo iliingia ya kwanza. Niliiona juu ya mikono yangu. Nikafikiri nimeshakufa."

Mwamvita aliufungua tena ukurasa. Siku zote alidhani mchimbaji yule wa katikati ni wa kubuni tu. Kumbe Asani alikuwa amejichora mwenyewe.

Alipojaribu kubadilisha mwanga, nyuso zikafutika pamoja nao. Mchapishaji wa Kindu alikuwa anazingoja kurasa baada ya siku kumi na mbili. Asani akamwonea huruma: "Acha tu, yaya. Wasomaji hawatajua."

"Weye utajua," akamjibu.

Akaenda mbio kwa Deborah.

"Ni kama vioo, mama," Deborah akamwambia. "Mistari na kioo yake, ngozi na yake, nguo na yake. Mwanga unauweka juu ya yote. Ukikosea moja, ingine haisikii."

Nusu ya fumbo ikafumbuka. Nusu nyingine aliitafuta uani. Aliazima kwa jirani turubai la bluu la kuanikia mpunga, akalitundika kwenye kamba, akamkalisha mumewe Yakubu chini yake. Akamchunguza: paji la uso limegeuka zambarau, viganja vimekuwa rangi ya majivu, na weupe wa macho ndio umeinywa bluu yote.

"Nilikaa mule saa nzima, joto kama chunguni," Yakubu analalamika, huku akicheka. "Majirani wanauliza kama niko mugonjwa."

Mwamvita alianza upya, kioo juu ya kioo. Siku ya tisa aliiteremsha bluu juu ya kurasa zote tatu, na kila uso ukabaki mahali pake. "Nilipiga kelele! Watoto walikimbia kuja kuona nini imeniuma."

Jibu la Asani lilikuja kwa ujumbe wa sauti. Mwamvita analifungulia ili mgeni wake asikie. Kwanza pikipiki inapita, halafu: "Ni ileile, yaya. Nimeonyesha wenzangu wawili tuliokuwa nao mule. Mumoja ameweka kidole juu ya ile mukono, hataki kuitoa."

Kurasa zilifika Kindu zikiwa na siku mbili za akiba. Limebaki jalada, ndilo analolimalizia asubuhi hii. Nakala mia tatu zitaletwa kutoka Kindu kwa pikipiki, na Euphrasie atazisoma kwa sauti kijijini Lusangi, kisha Salamabila kwenyewe.

Na baada ya hapo? Mwamvita anaweka kalamu chini. Anataka kitabu cha pili kiwe cha wanawake wa Nyangwe wanaopiga makasia kwenye Lualaba, na safari hii mistari atachora yeye.

"Rangi atatia Asani," anasema. "Nimeshamuambia aanze kujifunza. Kupaka maji ni kazi ya nguvu kupita kupaka udongo."