Msusi wa Kamembe anayeinua mikono

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumamosi, mikono ya Honorine Nzigire iko hewani. Mbele yake, kwenye kiti, bibi harusi aitwaye Murhula amesukwa nusu ya kichwa. Ibada ya ndoa ni saa tano.

"Honorine, suka!" anasema Béatrice, mwenye saluni.

"Mikono imechoka, Maman."

Haijachoka. Wateja wa saluni hii ya Kamembe, wilayani Rusizi, Rwanda, wanajua maana yake: kuna mtu anasemwa vibaya, naye hayupo. Leo ni mama wa bwana harusi. Anayemsema ni Nabintu, shangazi wa Murhula, aliyevuka mpaka jana kutoka Bukavu, Kongo.

"Ule mama, mugeni akifika, anaficha sukari," amesema.

Honorine, mwenye umri wa miaka 41 na watoto wanne, anasali katika kanisa linalohubiri utakatifu. Hapa mjini wengi wanaufahamu kwa yanayokatazwa: pombe, hereni, dansi. Yeye havai hereni. Nywele za bandia, ambazo hapa huitwa meshi, anasuka za rangi yoyote mteja atakayo.

"Batu banawaza utakatifu ni jipe murefu," anasema, akimaanisha sketi ndefu. "Miye nauanzia kwa mudomo. Asubuhi namusifu Mungu, mangaribi naua nao jirani?"

Hamkemei mteja wala hamsomei mstari wa Biblia. Anainua mikono hadi mazungumzo yabadilike. Aliyesukwa nusu hana pa kwenda.

Kwa kichwa kimoja cha rasta mteja hulipa faranga 6,000, na nusu yake ni ya Honorine. Mikono ikiinuliwa, kazi inachelewa. Mwezi huu wateja wawili wa kudumu wamehamia saluni ya jirani. Jumatatu Béatrice alimwambia wazi: akimchelewesha bibi harusi, atafute kiti kwingine.

"Saluni bila habari za batu ni chumba ya bagonjwa," Béatrice anamweleza mwandishi.

Si wote wanaokubaliana na Béatrice. Uwamahoro, mwanafunzi wa chuo anayesubiri zamu kwenye benchi, hajaingia kanisani tangu amalize sekondari.

"Mimi sisali," anasema. "Lakini nikitoka hapa, najua hawabaki wakinisema."

Dakika zinapita. Béatrice anatazama saa ya ukutani, kisha anamtazama Honorine. Mikono haishuki.

"Tantine, acha basi," Murhula anamwambia shangazi yake. "Ule unayemusema, leo mangaribi ndiye atanipokea."

Nabintu anaitazama mikono. "Sasa niseme nani? Bote babaya bako inje!"

"Jiseme," anasema Uwamahoro.

Nabintu anajisema. Siku ya harusi yake, anasimulia, aliazima viatu vya dada yake. Vilimbana hadi akavivua chini ya benchi. Wakati wa kwenda mbele kwa pasta, miguu ilikuwa imevimba, viatu havikuingia tena. Akaenda pekupeku.

"Pasta akasema: bandugu, angalieni unyenyekevu wa huyu dada! Kanisa yote ikapiga vigelegele. Na miye nikainamisha kichwa, kama mutakatifu kweli!"

Saluni nzima inacheka. Béatrice anashika ukuta. Mikono ya Honorine imekwisha kushuka. Anasuka huku machozi ya kicheko yakimtoka.

Saa nne na robo, nusu saa baada ya muda ulioahidiwa, kichwa cha Murhula kimekamilika. Anaondoka na Nabintu, ambaye akiwa mlangoni anaomba nafasi ya kusukwa Jumanne.

Saa nane saluni iko tupu. Honorine anakunja aproni yake na kukusanya vitana vyake kwenye mfuko.

"Unaenda wapi?" anauliza Béatrice.

"Si ulisema nitafute kiti?"

Béatrice anavua kitambaa cha kichwa na kukaa kwenye kiti cha Honorine. Kwa miaka mitatu, anakiri, amekuwa akisukwa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, ili wasusi wa Kamembe wasimjadili.

"Jumatatu utafungua weye," anasema. "Miye naenda kununua meshi. Suka."

Honorine anatoa kitana mfukoni na kuchora mstari wa kwanza kwenye nywele za Béatrice.